Kiranja na Mwanagenzi: Istilahi za Darasa la Roboti

Shule zinapokaribia kufungwa, wazazi wa miji yetu hupata siku hizi matangazo yanayosema hivi, au karibu na hivi: kutakuwa na programu ya kiangazi ya robotiki, ambamo vijana wa sekondari watakuwa washauri wa watoto wa shule ya msingi. Jambo lenyewe hatuna ugomvi nalo. Kijana wa miaka kumi na sita kukaa chini na mtoto wa miaka kumi, wakafunga nyaya na gurudumu pamoja hadi kitu kikaenda, ni jambo la kupongezwa. Ugomvi wetu ni juu ya maneno. Sentensi ile ni fupi, lakini karibu kila neno lenye uzito ndani yake limewekwa mahali pasipo pake, na kosa lililo baya kuliko yote ni lile lililofichika katika neno “washauri”.

Yafaa kwanza tueleze jambo hili lilikotoka. Mwaka 1989 mvumbuzi wa Kimarekani, Dean Kamen, alianzisha chama kiitwacho FIRST ili kuwashindanisha wanafunzi wa sekondari katika kuunda roboti. Mwaka 1998 mashindano ya watoto wadogo yakaongezwa kwa ushirikiano na kampuni ya LEGO ya Denmark. Tangu hapo imekuwa desturi kwa timu za wakubwa kuzichukua timu za wadogo na kuzifundisha, hasa wakati wa likizo ndefu. Wazo lililo chini ya desturi hiyo ni la zamani zaidi. Mwaka 1967 Seymour Papert, mwanahisabati aliyezaliwa Pretoria mwaka 1928, akiwa na wenzake huko Marekani, alibuni lugha ya kompyuta kwa ajili ya watoto, iitwayo Logo, na baadaye mashine ndogo ya kutambaa sakafuni waliyoiita kobe. Mtoto aliiamuru kobe iende mbele hatua kadhaa, igeuke kulia, iende tena, nayo ikachora umbo. Papert alishikilia kwamba mtoto hujifunza vema zaidi anapounda kitu ambacho yeye mwenyewe na wenzake wanaweza kukiona na kukijadili. Mtindo huo umekwisha kufika Nairobi, Dar es Salaam na Arusha, na hatuoni sababu kwa nini usipande hadi milimani.

Tuanze na lile lililo jepesi. Kwa Wamarekani likizo ndefu huangukia miezi ya Juni hadi Agosti, jua linapowaka sana, nao huita madarasa ya likizo hiyo kwa jina la majira yale. Kwetu likizo ya katikati ya mwaka huwa mnamo Juni, na Juni ni kipupwe. Mtoto wa Kighare, huko Usangi katika Upare ya Kaskazini, anaamka asubuhi ya mwezi huo akikuta ukungu umelala juu ya migomba na mama yake amejifunga khanga mbili. Ukimwambia mtoto huyo kwamba anaalikwa katika mafunzo ya kiangazi, atadhani ni mafunzo ya watu wengine, naye hatakuwa amekosea. Mfasiri alitafsiri majira ya nchi nyingine badala ya kutafsiri maana, ambayo ni wakati wa kufungwa shule. “Darasa la likizo” latosha.

Neno “programu” nalo lina tatizo la namna nyingine. Tumelipokea kwa maana ya mfululizo wa amri ziandikwazo kwa ajili ya kompyuta, na kwa maana hiyo halina mpinzani. Lakini lilipoanza kutumiwa pia kwa kila mpango, mradi na mafunzo, tulipata sentensi ambamo mtoto anaandika programu ndani ya programu kwa ajili ya kuendelea na programu. Mpango, mradi, mafunzo, ratiba: maneno haya yote tulikuwa nayo, na kila moja lina kazi yake. Hatuwezi kumzuia mtu ofisini mwake, ila katika darasa ambamo programu ni kitu kinachoandikwa kila siku, neno hilo na liachiwe kazi moja tu.

Sasa tulifikie hilo la “washauri”. Neno la Kiingereza linalofasiriwa hivyo, ambalo wengine hulitamka “menta” na kuliacha lilivyo, ni jina la mtu. Mentor alikuwa mzee katika utenzi wa Kigiriki wa Homer, rafiki wa Odiseo, aliyeachiwa nyumba na mambo ya mwenyeji alipokwenda vitani. Asili yake basi ni uzee na busara, na kwa maana hiyo “mshauri”, au “mlezi”, au “mnasihi” kama shule zetu zinavyomwita mwalimu anayesikiliza shida za wanafunzi, si tafsiri mbaya. Lakini hapa hatuzungumzi juu ya mzee. Tunazungumza juu ya kijana wa kidato cha pili au cha tatu ambaye jana alikuwa darasa la saba. Mshauri hutoa shauri na kuondoka. Halazimiki kuchafua mikono. Mlezi ana mamlaka ya mzazi. Mnasihi hukaa ofisini. Kijana huyu hana shauri kubwa la kutoa, wala mamlaka, wala ofisi. Alicho nacho ni kwamba alipita njia hiyohiyo muda mfupi uliopita na bado anakumbuka alipojikwaa. Hiyo ndiyo thamani yake yote, nayo haimo katika neno hata moja kati ya hayo matatu.

Je, hatuna neno la mtu wa namna hii? Ingekuwa ajabu tusiwe nalo, maana jambo lenyewe si geni. Katika vyuo vya Kurani vya pwani mwanafunzi aliyetangulia humsikiliza mdogo wake akisoma na kumsahihisha kabla ya zamu ya mwalimu kufika. Baada ya Azimio la Musoma la mwaka 1974, serikali ilipoamua kuharakisha elimu ya msingi kwa wote, vijana waliotoka tu darasa la saba walichukuliwa wakawa walimu huku wakiendelea kujifunza ualimu vijijini mwao. Hata neno “monita”, ambalo leo katika shule zetu lina maana ya mtoto anayeandika majina ya wapiga kelele, lilianza na kazi tukufu zaidi. Joseph Lancaster, aliyefungua shule yake London mwaka 1798, alikuwa na mamia ya watoto na hakuwa na fedha za walimu, akawafundisha wanafunzi wakubwa ili nao wawafundishe wadogo, na hao ndio waliokuwa mamonita. Neno lilisafiri hadi kwetu, kazi ikabaki njiani.

Tunapendekeza neno “kiranja”. Tunajua kwamba wasomaji wengi, hasa walimu, watashtuka, kwa kuwa kiranja wamjuaye ni yule mwenye fimbo mlangoni na daftari la wachelewaji. Lakini kamusi zetu zinakumbuka kilichosahauliwa na shule. Katika jando, kiranja ni mtoto wa kwanza kutahiriwa miongoni mwa wenzake. Ameingia kabla yao, ameonja uchungu kabla yao, na kwa sababu hiyo, si kwa sababu nyingine yoyote, anawatangulia. Umri wake na wao ni karibu sawa. Hajateuliwa kwa ukali wake. Twaona kwamba hakuna neno jingine la Kiswahili linaloshika kwa usahihi kama huu ile hali ya kuwa mbele kidogo tu. “Somo” lingefaa, nalo ni neno zuri la unyago, lakini darasani litagongana kila dakika na somo la kusomwa. “Mtangulizi” limekwisha chukuliwa na viongozi wanaopokezana madaraka. “Kungwi” ni mtu mzima.

Na anayeongozwa aitwe “mwanagenzi”. Neno hili limo katika vitabu vyetu vya zamani kwa maana ya mtu anayeanza kujifunza kazi, na halina dharau wala utoto ndani yake. Mwanagenzi anaweza kuwa na miaka minane au arobaini. Tumeona mahali pengine wakimwita “mshauriwa”, umbo ambalo sarufi inaliruhusu na sikio linalikataa.

Mtu anaweza kuuliza kwa nini tunalishughulikia sana jina la kijana huyu, ilhali watoto wenyewe watamwita “kaka” au “dada” na kuendelea na kazi. Ni kweli watamwita hivyo, na hatuna nia ya kuwazuia. Sababu yetu ni nyingine, nayo ndiyo iliyotufanya tuandike makala haya.

Tangu mwaka 1967 shule za msingi za serikali nchini Tanzania zimefundisha kwa Kiswahili, na sekondari zikafundisha kwa Kiingereza. Mpaka kati ya lugha hizo mbili uko mahali pamoja: mlango wa kidato cha kwanza. Sasa tazama darasa la likizo lilivyopangwa. Wanagenzi wametoka upande wa hapa wa mlango. Viranja wametoka upande wa pili. Darasa limekalia kizingiti chenyewe. Tuseme darasa hilo limefunguliwa Kighare. Mwanagenzi wa darasa la tano anazungumza Chasu nyumbani, na sayansi yake yote ameisoma kwa Kiswahili. Anajua wenzo, egemeo, jitihada na mzigo. Anajua kapi. Anajua mkondo wa umeme, sakiti, betri, swichi na sumaku. Kiranja wake amesoma mambo hayohayo kwa undani zaidi, lakini kwa Kiingereza, na maneno ya Kiswahili aliyoyajua miaka mitatu iliyopita yamekwisha kufifia, au amefundishwa kuyaonea haya. Anapotaka kueleza kwa nini mkono wa roboti hauwezi kunyanyua jiwe, atasema nini?

Atafanya moja kati ya mambo matatu. Atatumia neno la Kiingereza na kumwacha mtoto akariri sauti. Au atalikata neno hilo, alitie irabu mwishoni, na kuendelea. Au, kama ana subira, atamwuliza mtoto, “Hiki ninyi shuleni mnakiitaje?” Ofisi yetu hutoa orodha za istilahi na kuzipeleka wizarani, vyuoni na kwa wafasiri. Hatujapata kufikiri kwamba mwundaji istilahi aliye na kazi ngumu kuliko sisi sote huenda ni msichana wa kidato cha tatu mwenye bisibisi mkononi, ambaye ana nusu dakika ya kupata neno kabla mtoto hajaacha kusikiliza. Hana kamati. Neno atakalolitoa ndilo litakalokwenda nyumbani jioni.

Tutazame basi maneno ambayo njia ile ya pili, ya kukata na kutia irabu, imekwisha kuyaleta. Kifaa kinachopokea mwanga, joto au mguso na kuiarifu mashine kimeanza kuitwa “sensa”. Lakini sensa tunayo, nayo ni hesabu ya watu. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 61,741,120 Tanzania, na mtoto aliyemwona karani akiandika namba mlangoni kwao hatashangaa akiambiwa kwamba sensa ya roboti nayo inahesabu. Atakuwa ameelewa kinyume kabisa, maana kifaa hicho hakihesabu bali kinahisi. “Kihisi” ni neno lililoundwa kwa njia ya kawaida ya lugha yetu, kama kilivyoundwa kifuniko na kizibo. Mtoto akilisikia mara moja anajua kazi ya kifaa bila kuelezwa.

Zaidi ya hapo kuna “kodi”. Vijana husema “kuandika kodi” wakimaanisha kuandika amri za kompyuta. Katika nchi ambayo kila duka lina stakabadhi ya kodi na kila mpangaji ana kodi ya mwezi, hatuelewi jinsi neno hilo lilivyopita bila mtu kucheka. “Msimbo” lipo, lenye maana ya alama za siri au za makubaliano, na limekwisha kuzoeleka katika vitabu vya kompyuta. Kwa kitendo, “kuandika amri” linatosha kwa watoto wadogo. Walio wakubwa waseme “kuandika programu”.

Lakini tusijidai kwamba makosa yote ni ya wakopaji. Wapo wenzetu waundaji waliotoa “kitanzi” kwa ule utaratibu wa amri kurudiwarudiwa. Umbo ni sahihi, picha ni ya kutisha: wengi wetu tukisikia kitanzi tunamwona mtu ananyongwa. Mtoto anayesema “nimetia roboti yangu kitanzi” amesema jambo ambalo mama yake atalitaka maelezo. Kwa nini tusiseme “rudia”, kama ambavyo mwalimu wa kwaya husema? Lugha iitwayo Scratch, iliyotolewa mwaka 2007 na kutumiwa na watoto duniani kote, inaweza kusomwa kwa Kiswahili, na uzuri wa lugha za namna hiyo ni kwamba amri zake ni vitenzi vya kila siku: sogea, geuka, subiri, rudia. Tunawasihi wafasiri wayaone hayo kabla ya kuunda nomino. Si kila dhana ya kompyuta inadai nomino. Nyingi ni amri tu, na Kiswahili kina vitenzi vya kutosha kuamuru merikebu.

Kuhusu “roboti” lenyewe, tunalikubali. Waliotaka kuunda neno jipya walitoa majina marefu ya “mtu wa chuma” na “mtu-mashine”, ambayo hayakushika, na afadhali hayakushika kwa sababu roboti nyingi hazifanani na mtu hata kidogo. Neno lenyewe lilitoka katika tamthilia ya Mcheki Karel Čapek iliyochapishwa mwaka 1920, nalo limetokana na neno la Kicheki la kazi ya kulazimishwa, ile ambayo wakulima walimfanyia bwana wa shamba bila ujira. Wazee wetu waliita kazi ya namna hiyo shokoa. Kama Čapek angekuwa Mswahili, huenda leo dunia nzima ingekuwa inasema juu ya mashokoa. Lakini wakati wa kuchagua umepita, na roboti ni neno linalokaa vema mdomoni.

Shida iliyobaki ni ya sarufi, na hii ni ya walimu hasa. Je, tuseme “roboti huyu amesimama” au “roboti hii imesimama”? Katika hadithi zetu chochote kinachonena hupewa upatanisho wa viumbe hai: jiwe likisema, huwa “amesema”. Watoto watafanya vivyo hivyo. Mashine ikiwa na magurudumu mawili na taa mbili zinazofanana na macho, itakuwa “yeye” kabla ya saa nne asubuhi. Katika mchezo hatuoni ubaya. Katika mafundisho tunauona, nao si wa kisarufi tu. Roboti ikikwama, mwanagenzi husema, “Amekataa.” Kukataa ni kitendo cha mwenye hiari. Akiishia hapo, hana la kufanya isipokuwa kusubiri hadi roboti ibadili nia, au kuipiga kofi. Kazi kubwa ya kiranja, pengine kuliko kazi zake zote, ni kulibadili neno lile: kutoka “amekataa” hadi “haikwenda”, na kutoka “haikwenda” hadi “tuliiambia nini?” Viambishi viwili tu vimebadilika, na mtoto amehama kutoka uganga hadi uhandisi. Kwa hiyo tunashauri kwamba katika vitabu vya mafunzo roboti ipewe upatanisho wa vitu, siku zote, hata ikiwa imepewa jina la mtu.

Tumetaja Kighare si kwa mapambo. Milima ya Upare ina mambo mawili ambayo darasa kama hili lingeyapoteza endapo lingeletewa maneno yote katika sanduku. La kwanza ni uhunzi. Ugweno, jirani ya Usangi, ilijulikana kwa chuma chake, na ukoo wa Washana ulikuwa wa wahunzi. Profesa Isaria Kimambo aliyaandika hayo katika historia yake ya Wapare iliyotoka mwaka 1969. Mafunzo ya uhunzi popote ni ya kiranja na mwanagenzi: mdogo huvuta mivukuto, huangalia, hushika koleo, na siku moja hupewa nyundo. La pili ni maji. Wapare huchimba ndiva, mabwawa madogo yanayojazwa na kijito usiku, kisha tundu lake likafunguliwa asubuhi ili maji yashuke kwa mifereji hadi mashambani kwa zamu. Mtaalamu wa roboti akiitazama ndiva ataona mambo yake yote: kipimo cha maji, wakati, amri ya kufungua, amri ya kufunga, na zamu. Mtoto aliyewahi kutumwa alfajiri kuzibua ndiva ana dhana ya udhibiti kamili kichwani, bila istilahi. Kumfundisha kwa mfano wa taa za barabarani, kama vitabu vilivyotoka nje vinavyofanya, ni kumtoa anapojua na kumpeleka asikopajua, kisha kumpa neno la huko. Tena “ndiva” lenyewe linastahili kuingia katika Kiswahili sanifu. Hatuna neno jingine moja kwa bwawa la kulaza maji usiku.

Kwa ajili ya wanaotaka kufungua madarasa ya namna hii likizo ijayo, shauri letu la kiofisi ni hili: siku ya kwanza iwe ya viranja peke yao, kabla wanagenzi hawajafika, na wapewe si vifaa tu bali vitabu vya sayansi vya shule ya msingi vya Kiswahili wavisome tena. Saa mbili zinatosha. Watakuta humo karibu robo tatu ya maneno watakayoyahitaji, nao watashangaa kwamba walikuwa nayo. Yaliyobaki, yaani kihisi, msimbo, amri na machache mengine, yaandikwe kwa herufi kubwa ubaoni, na ubao usifutwe mpaka likizo iishe.

Neno moja limetushinda hadi sasa, nalo ni “nguvu”. Wataalamu wa fizikia wametenga “kani” kwa msukumo au mvuto na “nishati” kwa uwezo wa kufanya kazi, na utengano huo ni wa lazima kwa mtu anayeunda mashine. Lakini betri ikiisha, hakuna mtoto wala fundi wa redio asemaye kwamba nishati imekwisha. Husema betri imeisha nguvu, au kwa ufupi, betri imekufa. Kiranja afuate kamusi au afuate fundi? Wajumbe wa kamati yetu wamegawanyika. Walimu wa sayansi wanaosoma jarida hili wanaombwa watuandikie, wakieleza darasa wanalofundisha na neno ambalo wanafunzi wao hulisema wenyewe kabla ya kusahihishwa.